Mwaka Ambao Mji Mzima Uliumwa Kichwa

Simu iliita asubuhi, nikiwa nakoroga uji wa ulezi na kuubembeleza usishike chini, maana mtu anayeishi peke yake lazima apate wa kumsemesha, na uji angalau unajibu kwa kutokota. Sauti ilikuwa ya mwanaume, ya mjini, yenye adabu. Akauliza kama anaongea na dada Skolastika aliyewahi kufanya kazi kwa Mama Sikazwe pale Izia, mjini Sumbawanga. Nikamwambia ndiye mimi. Akasema yeye ni mtoto wake wa kwanza, mama amefariki jana hospitalini, mazishi keshokutwa. Nikaepua uji. Nikampa pole, akapokea, lakini hakukata simu. "Samahani dada, kuna kitu kidogo," akasema. "Mama ndiye aliyetuachia jina lako na kutuonyesha namba, lakini kwenye simu yake imeandikwa 'Mpima Uzito'. Hapa nyumbani tumeulizana wote, hakuna anayeelewa. Mama alikuwa muuguzi, halafu akafungua duka la dawa. Uzito unaingiaje?" Nilitaka kumweleza, nikakosa pa kuanzia, nikacheka. Kucheka kwenye simu ya msiba ni jambo ambalo hata mimi, nisiye na sifa nyingi za ustaarabu, nilikuwa sijawahi kulifanya. "Nakuja," nikamwambia. "Nikifika tutaongea."

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi kusema "nakuja" ni habari kubwa kupita msiba wenyewe. Nina duka dogo la dawa hapa Kate. Nyuma ya duka kuna chumba, nyuma ya chumba kuna tuta la mchicha, na dunia yangu inaishia penye mchicha. Harusi nachangia kwa simu. Ubatizo natuma kitenge. Jirani yangu husema hata siku ya kuzikwa itabidi watu wanibembeleze nitoke. Lakini kwa Mama Sikazwe nilifunga duka siku ile ile nikapanda gari la Sumbawanga, na njia nzima, mashamba yakiwa yamevunwa na upepo ukigonganisha mabua ya mahindi, nilikuwa nafikiria mwaka mmoja tu wa maisha yangu, ule niliokaa kwake. Yaliyotangulia hayana simulizi: nilizaliwa, nikakua, nikamaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumshangaza mtu.

Wakati ule maduka ya dawa baridi yalikuwa yameanza kuitwa maduka ya dawa muhimu, na muuzaji alitakiwa asome kozi fupi kwanza. Nikasoma. Nikafaulu, na lilikuwa somo la kwanza maishani mwangu ambalo mwalimu hakuniandikia "ongeza bidii". Mama Sikazwe, mkunga mstaafu, mfupi, mwenye vifundo vya miguu vilivyovimba kwa miaka ya kusimama wodini, akanipa koti jeupe lililonipwaya mabegani, na kuanzia siku hiyo watu wakaniita Dokta. Duka lenyewe lilikuwa vyumba viwili vya tofali za kuchoma. Cha mbele kilikuwa na kaunta na dirisha la wavu, na nje ya dirisha palikuwa na benchi chini ya bati, ambapo wagonjwa, wasindikizaji wa wagonjwa, na watu wasioumwa kabisa walikaa kukwepa upepo na kusikiliza mambo. Cha nyuma kilikuwa kidogo, chenye pazia la kitenge, viti viwili vya plastiki, na mizani ya chuma ya kusimama ambayo ukiikanyaga ililia kama bawaba. Nilidhani ile mizani ni ya kupimia watoto wachanga na mama zao. Nilikuwa na mengi ya kudhani mwezi ule wa kwanza.

Kilichonishangaza kwanza ni vichwa. Mji mzima ulikuwa unaumwa kichwa. Vijana wenye afya ya ng'ombe wa kukokotea jembe, kichwa. Wake za watu, kichwa. Mtu ametoka Kabwe, kote kule ziwani, amepita maduka ya dawa sijui mangapi njiani, anafika kwetu Izia kununua dawa ya kichwa. Watu wa mbali wakisikia jina la Sumbawanga huulizia habari za uchawi. Siri ya mji ilikuwa kichwa, na hakuna aliyefichwa ila mimi. Mteja anapewa vidonge vyake, analipa, haondoki. Anaangalia rafu. Anasoma bango la chandarua kama ndiyo kwanza anaona herufi. Siku moja mwanaume mmoja alisoma bango hilo mpaka nikamwonea huruma, nikamwuliza kwa sauti ya huduma bora tuliyofundishwa kwenye kozi, "Kaka, kuna kingine?" Benchi zima likageuka. Yule kaka akatoka mbio hata chenji hakuchukua.

Mama Sikazwe akanivuta nyuma ya pazia. "Skola, ukimwuliza mtu 'kuna kingine' mbele ya benchi, unataka akujibu nini? Akutangazie?"

"Sasa nifanyeje, mama? Si amesema kichwa?"

"Kichwa ni hodi tu. Mtu amebisha hodi, wewe unamwuliza jina la ukoo mlangoni. Akisema kichwa halafu haondoki, mwite apime uzito."

Ndivyo nilivyojifunza kazi. Mteja asiyeondoka, ulimwambia kwa sauti ya kusikika na benchi, "Hebu ingia upime uzito, dawa inatolewa kwa kilo," naye akaingia kwa hatua za mtu asiye na haraka, mizani ikalia, benchi likasikia, likaridhika. Nyuma ya pazia Mama Sikazwe hakuwa na maswali mengi. "Unataka nini?" Halafu, mtu akishajibu, "Na unaogopa nini?" Kisha anatulia, mikono mapajani, kama anasubiri uchungu wa kwanza wa mzazi. Nimekaa kwenye semina nyingi tangu hapo, zenye chai na maandazi, na sijaona njia iliyozidi ile. Mwanamke anataka vidonge vya uzazi wa mpango, anachoogopa ni kwamba amesikia vinajikusanya tumboni kama kokoto. Kijana anataka sindano ya kumponya haraka, anachoogopa ni kumwambia mwenzake naye aende hospitali. Baba mzima, fundi ujenzi, alikuja kutaka kondomu, akaziita soksi. Nikamwuliza namba ngapi, nikidhani nachangamsha mambo, na Mama Sikazwe akanikanyaga mguu. Yule baba aliogopa kwamba mkewe akiziona atajua ameanza kutembea nje, kumbe alizitaka kwa ajili ya mkewe huyo huyo, ambaye daktari alimkataza kubeba tena. "Basi mje wawili," Mama Sikazwe akamwambia. "Mwambie mkeo unamleta apime uzito." Wakaja. Mizani ikalia mara mbili.

Siku ninayoikumbuka zaidi, mama mmoja alimleta mkwewe kwa kumshika mkono, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. "Muuguzi, huyu tumemwoa muda sasa, hashiki mimba. Mpe dawa." Binti alikuwa kaangalia sakafu. Nami nikaangalia sakafu, maana binti yule kila mwezi nilimpa vidonge vya uzazi wa mpango kwa mkono wangu mwenyewe. Alitaka kwanza amalize mafunzo yake ya ufundi. Nilihisi koti linanibana, lile lililokuwa linanipwaya. Mama Sikazwe akainua uso, mtulivu kama maji ya mtungini. "Karibu binti. Ndiyo mara ya kwanza kuja kwetu? Jina lako nani?" Binti akataja jina lake kwa sauti ndogo. "Haya, mama mkwe kwanza, panda mizani." Mama mkwe akaruka: "Mimi? Mimi nina wajukuu mahali pengine!" "Panda tu, mama. Presha huanza kwa uzito." Akapanda. Halafu Mama Sikazwe akasema mambo ya uzazi ni ya wawili, basi amlete na kijana wake naye aangaliwe. "Mwanangu hana tatizo lolote!" "Sijasema ana tatizo. Nimesema aje na mkewe, wakae hapa wanieleze wenyewe." Yule mama akaondoka akinung'unika juu ya presha yake, habari ya mimba kaisahau nyuma ya pazia. Baadaye kijana alikuja na mkewe kweli, na walichokubaliana mle ndani mimi sikukisikia. Nilikuwa mbele nauza dawa za kichwa.

Lakini sheria ile ya uzito ilikuwa na dada yake, na huyo ndiye aliyenila mwaka ule. "Mtu uliyemwona humu," Mama Sikazwe aliniambia, "ukimkuta sokoni, humjui. Asipokusalimia, usimsalimie. Ukimsalimia, aliye naye atauliza, 'Yule wa dawa mnafahamiana vipi?' Na hapo atatafuta jibu." Nilikubali bila kufikiri, maana mimi ni mtu wa ndani, kusalimia watu sikudhani ni kitu nitakachokikosa. Sikujua. Kwetu Ufipa salamu haitupwi kama chenji. Unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari ya nyumba, ya shamba, ya watoto, na mwenzako anajibu na kuuliza zake, na mvua inaweza kuanza na kuisha hamjamaliza. Sasa fikiria msichana anayepita sokoni katikati ya yote hayo macho yake yako kwenye nyanya. Kila wiki watu niliowajua waliongezeka, na kila wiki walionisalimia walipungua. Kanisani, padri aliposema tupeane amani, mwanamke aliyelia mbele yangu Ijumaa alinigusa ncha za vidole Jumapili kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Sikumlaumu. Nilikuwa najua kuhusu watu wa Izia mambo ambayo hata vitanda vyao havikuyajua, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza nimelalaje. "Yule binti wa dawa anaringa," nilisikia wanawake wakisema nyuma yangu penye dagaa. "Shule kidogo tu, tayari shingo ngumu." Nikanunua dagaa zangu. Shingo kweli ilikuwa ngumu, kwa baridi.

Aliyenisalimia alikuwa mmoja, Editha. Alikuwa fundi cherehani, amepanga chumba kilichopakana na changu, mwembamba, mwenye kicheko kilichomtangulia kuingia mlangoni. Aliniona siku ya kwanza nikihamisha godoro, akasema, "Dada, wewe na hilo godoro nani anamhamisha mwenzake?" na urafiki ukaanza hapo. Kila jioni tulipika pamoja barazani, jiko moja la mkaa ili tusile hasara mara mbili: ugali wa ulezi mweusi, maharage, na siku nzuri samaki mgebuka wa kukaushwa kutoka Kabwe, tunakaa tumefunika miguu kwa vitenge kwa sababu ya upepo. Aliniita Mzee wa Ndani. "Mzee wa Ndani, leo umeona jua?" "Nimeliona dirishani." "Likasemaje?" "Likasema nikusalimie." Hakuwahi kuniuliza lolote la dukani, na sikuwahi kumwona benchini. Nilijua kwa nini nampenda: alikuwa mtu pekee mjini ambaye sikuwa na siri yake. Tulipomaliza kula aliosha sufuria yeye, kwa madai kwamba mimi naosha kama nachezea maji matakatifu.

Nyumba zetu zile za kupanga hazikuwa na dari. Ukuta ulifika juu kiasi, ukakata tamaa, na kuanzia hapo hadi kwenye bati kila mtu alikuwa na hewa moja na jirani yake, na maneno mamoja. Editha alikuwa na mwanaume, Festo, mfanyabiashara wa dagaa, aliyepanda kutoka Kabwe na magunia yake na kushuka tena. Alipokuja mimi nilitafuta kazi ya kelele, nikipepeta mchele ambao tayari ulikuwa safi. Lakini mchana mmoja wa Jumapili mchele uliisha, nikamsikia Editha akisema, kwa sauti isiyo na kicheko ndani yake, "Tumbo bado linaniuma, Festo. Huku chini. Na ule uchafu umerudi." Festo akasema, "Si nilikuletea zile za rangi mbili? Meza mbili tena. Mwenyewe nikimeza mbili, kesho yake niko poa." "Nimeshameza mara nyingi." "Basi meza tatu."

Vidonge vya rangi mbili, dawa ya kuua bakteria, viliuzwa mnadani vikiwa vimemwagwa kwenye turubai, kimoja kimoja, kama pipi. Watu walivimeza kwa kidonda, kwa kuhara, na sana sana kwa mambo ya chumbani, viwili baada ya tendo, wakiamini vinafuta kila kitu kama kifutio cha ubao. Havikufuta. Ugonjwa ulitulia siku kadhaa, ukajificha, ukapanda ndani zaidi, na kozi yangu fupi ilikuwa ndefu ya kutosha kunifundisha unakokwenda: kwenye mirija ya uzazi, ikaziba, na mtu akaja kutafuta mtoto miaka mingi baadaye asijue mlango ulifungwa lini. Nilikaa kwenye godoro na ungo mapajani. Jioni ile Editha alikula kidogo sana. "Umeshiba nini?" nikamwuliza. "Kichwa tu," akasema. Neno lile, kwenye kinywa chake, lilinichoma. Alikuwa amebisha hodi, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho duniani ambaye angeweza kumkaribisha.

Kesho yake nikamwendea Mama Sikazwe kwa kuzunguka. "Mama, mtu akiwa rafiki yako halafu unajua anaumwa kichwa, lakini hajakuambia?"

Hakuacha kupanga chupa za dawa ya kikohozi. "Nani?"

"Mtu tu."

"Rafiki unaye mmoja tu, wa jirani. Basi usimwambie kitu. Utamwambia umejuaje? Atajua ukuta una masikio, na hatakaa tena upande wa pili wa ukuta huo."

"Si aje dukani?"

"Kwako?" Akanigeukia. "Wewe unakula naye sahani moja. Skola, mtu hapimwi uzito na anayekula naye."

Nililitafuna neno hilo siku nzima. Nilikuwa nimedhani kazi yangu ni kuwa mlango, na kumbe kwa mtu mmoja niliyempenda nilikuwa kufuli. Jioni, tukimenya viazi, nikasema kama mtu anayesema habari za mvua, "Siku hizi Jumatano mchana siko dukani. Mama Sikazwe anakaa peke yake. Hata benchi huwa tupu, watu wako mashambani." Editha akaendelea kumenya. "Unakuwa wapi?" "Natembea." Kisu chake kikasimama. "Wewe? Unatembea?" "Daktari kasema nitembee." "Daktari gani?" "Mimi." Akacheka, kicheko chake cha zamani, na nikashukuru sikuwa na haja ya kumwangalia.

Ulikuwa uongo, kwa hiyo ilinibidi niufanye kuwa kweli. Nikamwomba Mama Sikazwe ruhusa ya Jumatano mchana. "Uende wapi, wewe ambaye hata jikoni unakwenda kwa barua?" "Kutembea." Akaniangalia, macho ya mkunga, yanayoona mtoto amekaaje kabla hajazaliwa. "Haya," akasema. "Tembea. Vaa sweta." Ndipo nikagundua sijui watu wanatembeaje. Mtu anakwenda wapi? Nilishuka mpaka mwisho wa nyumba za Izia, mahali mashamba yanapoanza, nikasimama kuangalia maboga ya watu mpaka mwenye shamba akanishuku. Nikaenda kanisani, nikakuta wanapiga deki. Mwisho nikapata gogo karibu na wauza mkaa, nikaketi hapo, upepo wa mwezi wa saba ukinipitia kama sina nguo, na Jumatano iliyofuata tena, na iliyofuata tena, mpaka wauza mkaa wakaanza kuniuliza ni nani aliyenikimbia. "Mwambie arudi, dada," mmoja akasema, "utatufia hapa." Kutoka pale duka halikuonekana. Nililichagua gogo kwa sababu hiyo.

Alikwenda? Sikujua. Nilimpeleleza kwa macho kama mama mkwe. Wiki fulani alikula vizuri, nikafurahi. Wiki iliyofuata akaacha nusu ya ugali, nikalala kwa mashaka. Festo alipokuja mara ya mwisho, nilisikia sauti zao zikianza kupanda, na mara Editha akafungua redio kwa nguvu, taarabu ikafurika juu ya ukuta. Alikuwa ameujua ukuta. Sikusikia neno hata moja, na Festo hakuonekana tena. Tuliendelea kupika jiko moja, lakini utani ulipungua. Alikuwa akiniangalia wakati mwingine kama anataka kusema jambo, kisha anaomba chumvi. Nikajiambia: amekwenda dukani, na sasa ananionea aibu. Nikajiambia pia: hakwenda, na anateseka akiniona nimekaa pale na kozi yangu. Yote mawili yalimfaa mtu anayeomba chumvi.

Mwaka ulipoelekea mwisho, nilirudi kazini jioni moja nikakuta chumba chake kitupu, cherehani haipo, pazia halipo. Mlangoni kwangu palikuwa na sufuria yangu, imesuguliwa mpaka inang'aa, na ndani yake unga wa ulezi, kwa maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Basi. Mwenye nyumba alisema amepata kazi mbali, hakumbuki wapi. Usiku sikupika. Asubuhi nikamwuliza Mama Sikazwe bila kuzunguka. "Mama, Editha alikuja?" "Editha yupi?" "Fundi cherehani. Jirani yangu. Jumatano." Alinitazama kwa uso ule ule aliompa yule binti mbele ya mama mkwe, mtulivu, mkarimu, umefungwa. "Simjui," akasema. Nilimchukia kwa nusu saa hivi. Halafu mteja akaja, anaumwa kichwa, nikamwita apime uzito.

Muda si mrefu nikaja kufungua duka hapa Kate, na nimekaa. Nina mizani yangu, nayo inalia. Watu wa Kate wanaoumwa kichwa huenda Sumbawanga, wa Sumbawanga huja kwangu. Tunabadilishana wagonjwa kama wakulima wanavyobadilishana mbegu. Nimewapokea wengi. Wamo waliochelewa, waliomeza rangi mbili mpaka mlango ukafungwa, na kila nilipomwandikia mmoja wao aende hospitali ya wilaya, nilimwona Editha akimenya kiazi, kisu kimesimama. Nimepita sokoni miaka yote hii bila kusalimia. Watu wamezoea. Wanasema ni tabia yangu, na sasa labda ndivyo.

Msibani nilikuta nyumba imejaa, uwanja umejaa, na waliojaa zaidi ni wanawake, kutoka mjini, kutoka vijijini, wengine wakiwa na vumbi la njia ya ziwani kwenye viatu. Tulishazika. Nilikaa kwenye mkeka chumbani, mgongo ukutani, uso chini, kama nilivyofundishwa, kwa sababu nilipoingia niliwatambua zaidi ya kumi na kwa sheria yetu hapakuwa na hata mmoja niliyemfahamu. Yule mtoto wa marehemu alikuwa akizunguka na sinia la wali na maharage, mnyenyekevu, amechoka, akimwuliza kila mtu amemfahamuje mama yake. "Alikuwa ananiuzia dawa ya kichwa," akasema mwanamke wa kwanza. "Na wewe, mama?" "Dawa ya kichwa, mwanangu." "Na wewe?" "Kichwa, baba. Kilikuwa kinanisumbua sana." Mlangoni mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akasema hata yeye. Kijana akasimama na sinia lake katikati ya chumba. "Jamani, huu mji!" akasema, na watu wakainamisha vichwa vyao vyote vilivyopona, na mabega yao yakawa yanatikisika, na sikuweza kujua nani analia na nani anacheka.

Mwanamke aliyeingia wakati huo alikuwa amenenepa, na kilemba chake kimefungwa kifundi. Alitafuta nafasi kwa macho, akaja moja kwa moja ukutani, akaketi kando yangu. Sikuinua uso tena. Kijana akamfikia. "Karibu, mama. Na wewe ulimfahamuje mama yetu?"

"Nilikuwa nanunua dawa ya kichwa," akasema Editha. Akanyoosha mkono kupokea sahani. "Jumatano mchana. Yule binti wake alikuwa hakai siku hiyo."

Kijana akampa sahani, akasonga mbele. Nilikuwa nimeshika wali mkononi na sikujua niupeleke wapi. "Nilikuona," akaniambia, kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza nilipotoka pale, nilipita kwa wauza mkaa makusudi nisionekane barabarani. Nikakuona umekaa kwenye gogo, unatetemeka. Nikasema, huyu Mzee wa Ndani anafanya nini nje na upepo huu? Nimefika nyumbani ndiyo nikaelewa. Nikalia mpaka mboga ikaungua."

"Mbona hukuniita?"

"Ningekuita, ungeniuliza natoka wapi."

"Nisingekuuliza."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilishindwa. Ungekaa bila kuuliza kwa ajili yangu, nami ningelia mbele ya wauza mkaa."

Kisha akaweka sahani yake chini. Akageuka pale pale kwenye mkeka, mbele ya chumba kizima, mbele ya vichwa vyote vya Izia, akainama na kuanza kupiga makofi taratibu, kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani, akiuliza habari ya nyumba yangu, ya shamba langu, ya mchicha wangu ambao sijui nani alimwambia habari zake. Wanawake wakageuka kutazama. Nikafuta mikono kwenye kitenge. Nilikuwa nimesahau nani anaanza na nani anafuata, makofi yangu yakatoka vibaya, nikakosea, nikaanza upya.